Majina Kumi na Moja ya Mnara wa Likunja

Kibao hupakwa rangi mgongoni kwanza. Ninyi vijana mnaanza usoni, kwa sababu usoni ndiko anakotazama mgeni rasmi, halafu mgongo mnauacha uchi. Masika mawili tu, bati limeoza na historia yote imelala kwenye majani. Mimi nguvu zangu zote zimeishia kwenye kazi hiyo, kuandika na kutunza vibao vya kumbukumbu na minara ya mashujaa huku Nachingwea na Ruangwa, kwenye barabara za vumbi na njia za baiskeli. Kama mtashika jambo moja tu katika haya ninayowaandikia, shikeni hilo la mgongo. Au ngojeni, yapo mawili. La pili litakuja.

Siku hizi nimestaafu, nakaa hapa Ruponda na mbaazi zangu na mikorosho michache. Watu bado wananiita Fundi Herufi. Jina la kwenye kitambulisho ni jingine, na la utotoni ni jingine tena. Hilo la utotoni msiniulize, na mkilisikia kwa mtu, jifanyeni viziwi. Mtaelewa mbele.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Anselimu, mwashi wa misheni, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vinaweza kutoa herufi nyembamba namna ile. Hakuwa na maneno mengi. Ukikosea alikutazama, akavuta pumzi, kisha akaenda kunywa maji. Mwaka wangu wa kwanza alikunywa maji mengi sana.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha njia panda hapahapa Ruponda, karibu na makaburi ya askari wa vile vita vya Mjerumani na Mwingereza. Nikaambiwa niandike KUMBUKUMBU YA ASKARI. Nikaanza kushoto kama mwanafunzi anayeandika insha, herufi kubwa, nafasi ya kutosha, moyo umejaa. Bati likaisha kabla neno halijaisha. Nikashusha kilichobaki mstari wa chini. Basi kibao kikasomeka KUMBUKU, na chini yake MBU YA ASKARI. Mwalimu mmoja alipita na baiskeli, akashuka, akasoma kwa sauti, akaniuliza kama hao mbu nao walikuwa na vyeo. Fundi Anselimu akaenda kunywa maji.

Kwa hiyo neno huanzia katikati. Hesabu herufi, tafuta ya katikati, iweke kwenye mstari wa katikati ya bati, kisha andika kwenda kulia, halafu rudi uandike kwenda kushoto. M inakula nafasi ya herufi moja na nusu, I inakula nusu. Mtaniambia kompyuta inafanya yote hayo yenyewe. Sawa. Lakini siku umeme umekatika na mgeni rasmi yuko njiani, mtanikumbuka.

Habari ya MAKABURU nayo msinikumbushe. Niliwahi kuandika MAKABURU YA VITA badala ya MAKABURI, herufi moja tu, na kwa Nachingwea iliyokuwa imewapokea wapigania uhuru, hiyo haikuwa herufi ndogo. Nilikifuta kabla jua halijapanda, nikimwomba Mungu asipite mtu wa chama.

Zamani vibao vyote vilikuwa vya bati, na bati huku kwetu lina kazi nyingi kuliko historia. Kimoja nilichokihangaikia siku tatu, HAPA PALIPIGANWA, chenye mshale wa kuelekea bondeni, kilitoweka. Nilikuja kukikuta baada ya miezi, kimekuwa mlango wa banda la kuku. Mwenye banda hakuona haya hata kidogo. "Fundi, si umeandika mwenyewe?" akaniambia. "Majogoo wangu wanapigana humo kila siku." Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika, nikamwachia mlango wake.

Ndipo tukahamia kwenye zege na lipu, ambavyo havibebeki. Lipu ya kuandikia haitaki mchanga mnene. Sisi tulikuwa tunachota mchanga wa mto Mbwemkuru, tunauchekecha kwa chandarua kikuukuu, tunauosha mpaka maji yatoke safi. Ukishapiga lipu, subiri mpaka kidole kiache alama bila kulowa. Hapo ndipo unachora herufi kwa msumari uliopondwa ncha. Ukienda kula kwanza umechelewa, kilichobaki ni patasi na nyundo. Kisha unafunika kwa magunia yaliyolowa, siku saba, unamwagia maji asubuhi na jioni. Jua la huku halina huruma na saruji changa.

Na msipake rangi ya mafuta wakati wa kupuliza mikorosho. Wapulizaji huanza alfajiri hewa ikiwa imetulia, na wewe mpiga rangi unaipenda alfajiri kwa sababu hiyohiyo. Niliupaka mnara mmoja kule Mbwemkuru, mweupe pe, nikaenda kunywa chai na muhogo. Niliporudi ulikuwa wa manjano, salfa ya kijiji kizima imeganda juu yake. Mwenyekiti akasema rangi imependeza, niiache. Nikaiacha mwaka mzima kwa aibu.

Lakini rangi inafutika. Ugumu wa kazi hii ni majina. Huku kwetu m ya Kiswahili hupitia puani ikatoka n. Mtu anakuwa ntu, mtoto anakuwa ntoto, mkwe anakuwa nkwe. Jina la mtu linaandikwa Mnali shuleni, Nnali kanisani, na mwenyewe anaitikia yote mawili. Mimi nilikuwa na majivuno yangu ya darasa la saba, nikawa nawasahihisha watu majina ya baba zao. Fundi Anselimu akanikataza. "Muulize," alisema. "Halafu muulize tena. Halafu mwandikie chini kwa kijiti, aone." Na akanipa kanuni yake kubwa: kabla hujachonga, simama mbele ya kijiji usome majina yote kwa sauti. Wakibisha, rekebisha. Wakinyamaza, chonga.

Kanuni hiyo nzuri ndiyo iliyonitia kwenye kosa langu kubwa kuliko yote.

Watu wa Likunja walitaka mnara kando ya barabara kwa ajili ya watoto wao waliokufa vitani: wapagazi wa vile vita vya Mjerumani ambao wazee bado waliwataja, na askari waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Karatasi ya ofisini ilinipa majina ya askari, na mmoja wao alikuwa Mshamu Issa. Mengine niliambiwa niyatafute mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ndivyo nilivyofika kwa Bibi Somoe.

Nilimkuta kibarazani anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Mwili mdogo, macho makali, kanga imefungwa kifuani. Nikasalimia, akanipa kigoda.

"Mama, wanasema una mtoto aliyekwenda vitani akabaki hukohuko."

"Ninaye," alisema. Hakusema alikuwa naye.

"Jina lake nani?"

Kisu kikasimama. Akatazama uani, akatazama njiani, kama mtu anayetaka kujua nani anasikiliza. Kisha akasema taratibu, "Sijaona."

"Sijaona wa nani?"

"Sijaona wa Issa. Kabla yake nilizika watatu, baba. Yeye alipozaliwa nikasema, sijaona bado atakayebaki. Basi likawa jina. Na akabaki."

Nikaandika Sijaona Issa. Nikakumbuka kwamba kwenye karatasi nina Mshamu Issa, wa kijiji hikihiki, baba yuleyule. Kumbe ni ndugu wawili, nikasema moyoni, maskini mama huyu, amezika watatu wadogo na vita vikamlia wawili wakubwa. Nawaambia kweli, nilitoka pale nikisukuma baiskeli na machozi yananitoka. Na kwa huruma hiyo nikaamua nitawaweka pamoja kwenye mnara, Mshamu Issa juu, Sijaona Issa chini yake, ndugu walale karibu. Majina yakawa kumi na moja.

Siku ya kusoma, kijiji kilikusanyika nje ya ofisi ya mtendaji. Nikasimama nikasoma. Kila jina likipita, watu wanatikisa kichwa, huyo naam, huyo naam. Nikasoma Mshamu Issa, naam. Nikasoma Sijaona Issa. Kimya. Mtu akakohoa. Wanawake wakatazama kanga zao. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainama kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili.

"Kuna kosa?" niliuliza.

Hakuna aliyejibu. Bibi Somoe alikuwa amekaa na wanawake wenzake, uso haumwambii mtu kitu. Nikauliza mara ya pili, kama nilivyofundishwa. Kimya kilekile. Wamenyamaza, chonga. Nikachonga.

Wengi wenu mmetahiriwa hospitali kwa sindano ya ganzi, kwa hiyo niwaeleze kidogo, na kidogo tu, maana mambo ya jandoni hayaandikwi. Zamani mvulana akitoka jandoni, Mwislamu au Mkristo, alitoka na jina jipya. Lile la utotoni lilibaki huko porini. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo mbele za watu ni kumtukana, ni kumwambia bado mtoto, na watu walipigana kwa sababu hiyo. Mkewe halitamki hata kwenye ugomvi. Wengine waliishi na wake zao mpaka wakazikana, mke asilijue. Mama mzazi naye alimeza ulimi.

Mmeshaona nilichofanya. Mshamu na Sijaona walikuwa mtu mmoja. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyeweza kunisahihisha, kwa sababu ili anisahihishe ilibidi asimame aseme Sijaona ndiye Mshamu, amtukane askari aliyekufa mbele ya mama yake. Walionelea heri fundi akosee. Na mimi Mmwera mzima, niliyepita jandoni kwa miguu yangu, sikung'amua. Nilikuwa nasikiliza kimya kwa masikio ya ofisini.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi alisifu mashujaa kumi na mmoja, akashuka jukwaani, akamfuata Bibi Somoe, akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, mama, kwa kulitolea taifa watoto wawili." Nyuma yangu nikasikia watu wanavuta pumzi. Bibi Somoe akamtazama yule bwana mkubwa kwa utulivu.

"Asante, baba," akasema. "Ni kweli. Walikuwa wawili."

Wiki haikuisha, akaja mtu kwenye karakana yangu. Mwanamke kijana, miguu imejaa vumbi, ametembea sehemu kubwa ya njia. Hakukaa, hakukubali maji.

"Wewe ndiye Fundi Herufi?"

"Ndiye, dada yangu. Karibu."

"Mimi naitwa Fatu. Mke wa Mshamu Issa. Wewe umemtukana mume wangu kwa saruji."

Nilidhani nimekosea herufi, nikaanza kutafuta daftari. Akanizuia kwa mkono. "Jina lake liko sawa. Nasema lile la chini yake." Hakulitamka. Alitazama pembeni, na hapo ndipo nilipoelewa, mara moja. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Fundi Anselimu alikuwepo, tayari mzee sana, anapiga msasa ubao. Safari hii hakwenda kunywa maji. Alisema tu, "Chukua patasi, twende."

Mzee alikwenda polepole, kwa hiyo tulipofika mnarani Fatu alikuwa ameshatangulia, amemwita na mkwewe. Nikamwamkia Bibi Somoe, nikapiga magoti kabisa, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nimekuja kulifuta."

"Futa, baba," akasema. "Ila nioneshe kwanza. Mimi sisomi. Ni lipi?"

Nikamshika mkono. Nikakiweka kidole chake kwenye mwanzo wa S. Akakipitisha ndani ya herufi polepole, mkunjo kwa mkunjo, mpaka mwisho wa A. Akarudi mwanzo, akarudia. Herufi zangu zilikuwa na kina cha ncha ya kidole, na kidole chake kilienea humo sawasawa. Nimeandika vibao vingi maishani, lakini hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukiandika kikasomwa hivyo.

"Mama," Fatu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya karakana, "kwa nini ulimwambia?"

"Aliniuliza ntoto wangu nani." Bibi Somoe hakuondoa kidole. "Mshamu ni jina la wanaume wenzake. Lako pia. Mimi nilimpeleka jandoni Sijaona, nikarudishiwa Mshamu, kijana mzuri, ananiamkia kwa adabu. Nikammeza yule mwingine. Miaka yote nimemmeza. Walipoleta habari amekufa, mlimlilia Mshamu. Nikasema, na wangu nani atamlilia?" Kisha akacheka kidogo. "Tena aliyekufa atanishitaki kwa nani?"

Fatu alilia pale pale amesimama, mikono imefungwa kifuani. "Mimi sikulijua," akasema. "Nimeolewa naye, nimemzalia, sikulijua. Nimelisikia kwa wifi, baada ya mnara."

"Sasa unalijua," mkwewe akamwambia. "Tumebaki wawili wa kulitunza."

Patasi ilikuwa mkononi mwangu muda huo wote. Nilikuwa tayari kufuta na nilikuwa tayari kutofuta, mniamini. Fatu akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Fundi, rudisha chuma chako mfukoni. Liache." Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini mimi hutanisikia nikilitaja. Mpaka naingia kaburini."

Likabaki. Kila mwaka kabla ya Siku ya Mashujaa nilikwenda Likunja kupaka herufi rangi nyeusi upya, na kila mwaka Bibi Somoe alikuja na ming'oko ya kuchemsha kwenye bakuli. Alikaa akanitazama nikifanya kazi, na nikifika kwenye lile jina nilimpa brashi, akapaka mwenyewe. Alipitisha nje ya herufi kila mara, nami nilisafisha kwa kitambaa akishaondoka.

"Litakaa mpaka lini hili?" aliniuliza mwaka mmoja.

"Mpaka mnara uanguke, mama."

"Na ukianguka?"

"Nitaandika upya."

"Na wewe ukianguka?"

Akacheka sana. Alifariki msimu wa ufuta, na sikuwa nimempa jibu bado.

Miaka ikaenda. Fundi Anselimu alitangulia, nami nikastaafu, nikakabidhi brashi. Njia zenu ninyi ni nyingine kabisa. Siku hizi jina linatumwa kwa simu, linachongwa na mashine kwenye jiwe la itale, linarudi limefungwa kwa nailoni. Zuri, sikatai. Nimepitisha kidole, herufi zimenyooka kuliko nilizowahi kuandika mimi. Ila hazina kina. Asiyejua kusoma hataziona kwa kidole.

Na sasa lami inakuja. Nyumba za kando ya barabara zinapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mnara wa Likunja nao ukapigwa X, tumboni. Afisa utamaduni wa sasa ni binti mmoja anaitwa Shamimu, mchapakazi, heshima anayo. Alinifuata mpaka hapa Ruponda, akakaa kwenye mkeka na kompyuta yake mapajani.

"Babu, mnara wa Likunja unabomolewa, tunajenga mwingine ndani kidogo, nje ya hifadhi ya barabara. Majina nimeyahakiki yote. Kuna huyu mmoja tu ananisumbua, Sijaona Issa. Jeshini hayupo, kwenye wapagazi hayupo, hana namba, hana hati. Kijijini nikiuliza wanaangalia pembeni. Wewe ndiye uliyeandika. Ni nani huyu? Au nimtoe?"

Vijana, nawaambia jambo nisilolipenda. Niliogopa. Mzee wa Ruponda, nimtaje mwanamume wa Likunja kwa jina lile, mbele ya binti mdogo, akaliandike kwenye mashine? Nilimwona Bibi Somoe na bakuli lake, nikamwona kabisa, na bado mdomo haukufunguka. Nikamwambia Shamimu, "Kasome majina mbele ya kijiji, mjukuu wangu. Wao ndio wenye neno." Akanishukuru kwa hekima yangu! Nami nilijua vizuri kijiji kitafanya nini. Kitanyamaza, naye atatoa.

Hilo ndilo jambo la pili nililowaahidi. Fundi Anselimu alinifundisha wakinyamaza, chonga. Mimi nawafundisha wakinyamaza, wekeni patasi chini. Kaeni nao. Kuleni ming'oko yao. Huku kwetu watu hunyamazia jambo kwa sababu ni uongo, na hunyamazia jingine kwa sababu ni kweli mno, na ninyi mkiwa mmesimama na daftari hamtajua tofauti.

Siku ya mkutano niliona siwezi kukaa nyumbani. Nikachukua bodaboda, mifupa hii, mpaka Likunja. Nilikuwa nimeamua. Nitasimama, nitalitaja, wanipige faini ya mbuzi wakitaka.

Walikusanyika darasani, shule ya msingi. Shamimu akasoma vizuri, sauti ya redio, jina kwa jina. Naam, naam. Mshamu Issa, naam. Akaliruka lile, akaendelea na lililofuata, na lililofuata, akafika mwisho. "Ni majina kumi," akasema. "Kuna yeyote tuliyemsahau?"

Kimya. Niliwatazama miguuni kama kuna anayefunga kamba za kandambili. Nikashika mkongojo, nikasimama. Kila mtu akanigeukia, wazee wenzangu wakanitazama kwa macho ya kunionya, nami nikafungua mdomo, nikakohoa. Nikakohoa tena. Aibu iliyoje, na umri huu.

"Yupo mmoja."

Sauti ilitoka upande wa wanawake, nyuma. Alikuwa Bi Fatu. Nilikuwa sijamwona kwa miaka. Nywele nyeupe chini ya ushungi, mgongo umepinda, mjukuu wake wa kike amemshika kiwiko. Aliuondoa mkono wa mjukuu, akasimama mwenyewe.

"Nani, bibi?" Shamimu aliuliza.

Bi Fatu akajifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayetaka kubeba mzigo.

"Sijaona," akasema. Hakunong'ona. Lilisikika mpaka nje. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia. "Sijaona wa Issa. Umemwacha."

"Samahani, bibi, huyo hana nyaraka zozote. Yeye ni nani yako?"

Bi Fatu alinitazama mimi kwanza, nikiwa bado nimesimama na kikohozi changu, kisha akamgeukia binti.

"Ni ntoto wa mama nkwe wangu."

Shamimu akatazama darasa zima, nyuso zote zimeinama, na nadhani hapo alianza kuhisi kitu, maana alishusha sauti. Akashika kalamu, si kompyuta.

"Nimwandike wapi, bibi?"

"Hapohapo alipokuwa," Bi Fatu akasema. "Chini ya mume wangu."